Hatua Nne Kabla ya Mpira

Crescent Town, Toronto
9 Machi 2023

Zameer, Ya Ali Madad.

Barua hii utaikuta ndani ya glavu yako, na utaikuta ukiwa umeshafika Florida, kwa sababu hujawahi kufungua begi lako kabla ya safari kwisha. Kama mama yako ndiye aliyeiona kwanza, basi Nilofar, irudishe pale pale ulipoitoa.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nakuuliza swali refu la Kiswahili, nawe unanijibu kwa maneno matatu ya Kiingereza. Mimi ni Nana yako, baba wa mama yako. Marehemu bibi yako na mimi tulikulea katika nyumba hii kwa Kiswahili cha Tabora, na nina haki ya kujibiwa kwa lugha niliyokulishia uji. Kwa hiyo, safari yoyote utakayokwenda kwa ajili ya huo mchezo wako, utanitumia barua. Kwa mkono, na bila kunificha kitu. Nami sitakuficha kitu.

Jana jioni nilikuwa kwenye zamu yangu ya kutunza viatu vya waumini jamatkhana, nikamweleza kila aliyenikabidhi viatu kwamba mjukuu wangu amechaguliwa timu ya shule za sekondari za Ontario. Mzee mmoja akaniuliza besiboli ni nini. Nikamwambia ni kriketi ya watu wenye haraka.

Unakumbuka ulipokuwa na miaka minane, pale bustani ya Dentonia nyuma ya jengo letu? Nilikuwa nakurushia mpira wa kriketi, unaudaka kwa mikono mitupu. Ulipoingia darasa la tisa, mwalimu wa michezo alikuona ukidaka mpira wa besiboli vile vile, akadhani umesahau glavu nyumbani. Kumbe hukuwahi kuwa nayo. Mambo yote yalianzia hapo.

Usisahau hatua nne. Mrushaji anapojiandaa, wewe huko nyuma unaingia hatua nne kuelekea kwa mpigaji, kila mpira, hata kama hutaugusa mpira siku nzima. Ndivyo wadakaji wa kriketi tulivyofanya Tabora, ili mpira usitukute tumesimama kama nguzo ya umeme. Nilipoudaka mpira aliopiga Cyprian wa timu ya Wagoa mwaka 1969, jua likiwa machoni, hatua nne ndizo zilizoniokoa. Muulize mdogo wake, Alban wa ghorofa ya tatu, maana naye alikuwepo. Ingawa Alban kila nikisimulia hutazama dirishani.

Nana yako,
Roshanali


Florida
15 Machi 2023

Nana, Ya Ali Madad.

Karatasi hii ni ya hoteli, ndiyo maana ina picha ya mnazi. Sori kwa mwandiko. Sijaandika Kiswahili tangu bibi aliponilazimisha kuandika kadi za Idi.

Tumecheza michezo mitano. Kwenye uzio walikaa wanaume wenye kofia na vijitabu, ndio wale watafuta vipaji wa timu kubwa. Wenzangu wananiita Mtembezi, kwa sababu ya hatua nne. Mmoja wa wale wanaume alinifuata akaniuliza nani amenifundisha kutembea hivyo. Nikamwambia babu yangu, mdakaji wa timu ya Tabora. Akaniomba nimtajie herufi za Tabora moja moja, akaandika. Kwa hiyo uko kwenye kijitabu, Nana.

Aliniuliza pia kama nikiteuliwa na timu kubwa mwezi wa saba nitasaini mkataba au nitakwenda chuo. Nikasema nitasaini, kabla hata hajamaliza swali. Usimwambie Mama. Najua tumesema hatufichani, lakini hilo ni kati yetu wawili, siyo kati yetu na Mama.

Zameer


Toronto
2 Agosti 2023

Mwanangu Zameer,

Umeondoka siku tisa sasa na chumba chako bado kinanuka soksi. Nimefungua dirisha.

Nimesikia kwamba wewe na Nana mnaandikiana barua, na nimesikia pia jibu ulilompa yule mtu mwezi wa tatu. Baba yangu hajui kutunza siri, anajua kuichelewesha tu. Sikukasirika ulipoteuliwa. Nilikasirika kwamba katika nyumba nzima mimi ndiye niliyejua wa mwisho.

Naandika makubaliano yetu hapa ili asitokee mtu wa kusema hakuelewa. Chuo kimekubali kukuwekea nafasi yako ya uhandisi kwa mwaka mmoja. Una msimu mmoja kamili wa kucheza. Ikifika tarehe 31 Agosti 2024 na bado uko kwenye daraja la chini la hiyo ligi ndogo yenu, unarudi nyumbani unakwenda darasani. Ukiwa umepanda daraja, tutazungumza. Baba yako amekubali kila kitu, kama kawaida yake, ili apate kulala. Mimi nimekubali shingo upande, na kwa sababu moja tu: Nana alisimama mbele yangu akasema yeye alikuwa mchezaji, anajua mchezaji anavyofanana, na anakudhamini.

Kwa hiyo ukimwangusha yeyote, unamwangusha yeye.

Kula mboga. Nakupenda, na hilo halina tarehe ya mwisho.

Mama


Florida
20 Aprili 2024

Nana, Ya Ali Madad.

Tangu nirudi huku baada ya majira ya baridi sijakuandikia, na najua umeshaanza kunilalamikia kwa Alban. Habari njema kwanza. Nimetoka kwenye kambi ya mazoezi, nimeingia timu yenye uwanja wa kweli, watazamaji, hata mtangazaji. Ni daraja la chini la ligi ndogo, lakini ni ligi. Jezi ina jina langu mgongoni na wamelipatia herufi zote.

Sasa habari nyingine. Kocha wa wadakaji wa nyuma anaitwa Errol, mtu wa maneno machache. Wiki iliyopita aliniita akaniambia niache kutembea. Anasema huku wapigaji wana nguvu, mpira unapigwa juu ya kichwa changu wakati uzito wangu wote uko mbele, na nikigeuka nimeshachelewa. Anataka nisimame.

Nimetembea tangu nina miaka minane. Nikisimama najiona kama nimesahau kuvaa kitu. Nifanye nini?

Zameer


Crescent Town
29 Aprili 2024

Zameer, Ya Ali Madad.

Usiache. Huyo Errol, kwa heshima zake zote, je, amewahi kusimama kwenye mpaka wa uwanja wa Tabora saa nane mchana, vumbi limejaa puani, na Cyprian wa Wagoa anakuja mbio na gongo lake la kupigia mpira? Mimi nimesimama. Cyprian alipiga mpira ambao wenzangu waliupa mgongo, wakijua umeshapotea. Mimi nilikuwa nimeshaingia hatua nne, miguu ina moto, nikakimbia kwa pembeni nikaudaka kwa mkono mmoja. Watu walinibeba mabegani hadi dukani kwa baba yangu.

Makocha wanapenda kubadilisha kitu ili waonekane wana kazi. Mwitikie kwa adabu, halafu fanya ninavyokwambia mimi.

Mama yako anaulizia. Nimemwambia mambo yanakwenda vizuri.

Nana


Florida
9 Juni 2024

Nana, Ya Ali Madad.

Kila kitu safi. Joto limezidi lakini nimezoea. Nacheza kila siku. Jumanne iliyopita nilidaka mipira mitatu, mmoja karibu na uzio, watu wakapiga makofi sana.

Mwambie Mama nakula mboga. Samahani barua ni fupi, tuna mazoezi.

Zameer


Crescent Town
17 Juni 2024

Zameer, Ya Ali Madad.

Nimeipata barua yako fupi. Nami nina habari fupi.

Binti yake Alban amemnunulia kompyuta ya mkononi, ile ya kugusa. Alban amegundua kwamba mtangazaji wa timu yenu anasikika humo bure, huku huku Toronto. Kwa hiyo tangu katikati ya mwezi wa tano, kila siku saa moja jioni, mimi na yeye tunakaa jikoni kwake na chai na bakuli la chevdo la kutafuna, tunasikiliza. Mtangazaji ana sauti nzuri. Anataja kila anayeingia na kila anayetoka.

Jumanne ile unayoisema, alitangaza kwamba mvua imenyesha tangu mchana na mchezo umeahirishwa. Akapiga muziki saa nzima. Labda ni Jumanne nyingine.

Chevdo imekwisha, Alban ndiye anayeimaliza. Uwe na afya njema.

Nana


Florida
1 Julai 2024

Nana,

Basi unajua. Umejua muda wote na umenyamaza, ukaja kuniandikia habari za mvua na chevdo.

Haya, sikiliza mwenyewe. Nilifanya ulivyoniambia. Nilimwitikia Errol kwa adabu na nikaendelea kutembea. Tarehe 14 Mei mpira ulipigwa juu ya kichwa changu, nikageuka kwa kuchelewa, ukagonga uzio, wapinzani wawili wakamaliza mzunguko wa besi wakapata pointi, na tukashindwa. Errol hakupandisha hata sauti. Alisema, "Ama usimame ukiwa uwanjani, au ukae ukiwa benchi. Chagua." Nikachagua kusimama. Sasa nikisimama miguu inakufa ganzi, mpira unapigwa nami ninautazama kama mtazamaji aliyelipa kiingilio. Kwa hiyo sasa sina kutembea wala kusimama. Nimekaa benchi wiki sita. Kijana aliyechukua nafasi yangu amenipita kwa kila kitu.

Usiniambie nivumilie. Wewe hujui maana ya kukaa benchi. Wewe ulibebwa mabegani. Mimi nabeba ndoo ya mipira.

Mwambie Mama nafasi ya chuo aichukue. Sina haja ya kungoja hadi tarehe 31 Agosti. Nikipata barua yako ya kusema sawa, naomba kuondoka.

Zameer


Crescent Town, ghorofa ya tatu
11 Julai 2024

Mjukuu wangu Zameer,

Mimi Alban. Nimechukua anwani yako kwenye bahasha bila ruhusa, nitakwenda kuungama Jumamosi.

Babu yako ameisoma barua yako ya mwisho, na tangu siku hiyo, siku ya nne leo, hajashuka kunywa chai. Jana nilipanda kumwona. Alikuwa ameketi na ile picha ya zamani ya timu yao ya Tabora, akaniuliza kama ninakumbuka mambo ya mwaka 1969. Nikamwambia nakumbuka. Akaniuliza kwa nini miaka yote hii sijasema lolote. Nikamwambia hakuna aliyeniuliza, na chai ninayokunywa naye ni nzuri.

Siruhusiwi kuendelea. Nakuomba jambo moja tu, na mimi sijawahi kukuomba jambo: usifunge begi kabla barua yake haijafika.

Alban


Crescent Town
15 Julai 2024

Zameer, Ya Ali Madad.

Nimeianza barua hii mara tano. Hii ya sita naipeleka ilivyo.

Sikumdaka Cyprian. Sikubebwa na mtu. Na sikuwa mdakaji wa timu ya Tabora.

Nilikuwa mtu wa kumi na mbili. Kriketi inachezwa na watu kumi na mmoja, na wa kumi na mbili ni yule anayekaa nje, asije mmoja akaumia. Nilikuwa mtu huyo kwa miaka minne, kuanzia 1966. Nilibeba ndoo ya maji na chupa za sharubati ya machungwa. Wenzangu walipovaa viatu vya kuchezea, vile vya kawaida waliniachia mimi nivilinde, maana vilikuwa viatu vizuri na watoto wa Tabora walikuwa wepesi wa mikono. Kwa hiyo ukinisikia nikisema nimelinda viatu maisha yangu yote, hilo ni kweli.

Hatua nne ziliwahusu wenzangu waliokuwa ndani. Mimi nilikuwa nje ya mstari, nikiwatazama, na mrushaji alipoanza kukimbia nami niliingia hatua nne. Peke yangu, kwenye majani, nimezungukwa na viatu. Kila mpira, miaka minne. Watu walinicheka. Niliona kwamba nikiacha kutembea nitakuwa mlinda viatu tu.

Mara moja tu niliitwa. Mwaka 1969, mchezo na Wagoa, Badru aliteguka mguu. Niliingia, na mpira wa tatu Cyprian akaupiga kwangu. Ulikuwa mpira rahisi. Uliingia mikononi mwangu na ukatoka. Tukashindwa kwa pointi mbili. Wiki iliyofuata nikarudi kwenye ndoo.

Utaniuliza kwa nini nilidanganya. Mama yako alipokuwa na miaka sita aliiona ile picha ya timu, akaniuliza kwa nini baba amesimama pembeni. Nikamwambia mdakaji husimama pembeni. Alifurahi sana, na mimi nikafurahia alivyofurahi. Kila mwaka nikatia chumvi kidogo. Ulipozaliwa wewe chumvi ilikuwa nyingi kiasi kwamba mimi mwenyewe nilianza kuamini. Ubaya ni kwamba mwezi wa nne uliniuliza swali la kweli, nami nikakujibu kwa chumvi ile. Mpira ule wa tarehe 14 Mei mimi ndiye niliyekuangushia. Nisamehe.

Sasa nakwambia ninachokijua kweli. Errol ana haki ya kusikilizwa, maana anaujua mchezo wake na mimi siujui. Lakini miguu yako inakufa ganzi kwa sababu umeacha yote. Muulize yeye, siyo mimi, ni hatua ngapi mchezo wake unaruhusu. Tabora sikumuuliza kocha swali hata moja, nikingoja aniite. Hilo ndilo kosa lililoniweka nje miaka minne, siyo mikono yangu.

Na ukiwa benchi, tembea. Simama nje ya mstari mahali usipomsumbua mtu, na kila mpira ingia. Kukaa benchi nakujua, Zameer. Pengine ndicho kitu pekee nilichowahi kukijua kuliko watu wote wa Tabora.

Jana nilimweleza mama yako yote haya, maana nilikudhamini kwa jina la mchezaji ambaye hakuwepo. Nilidhani atavunja makubaliano hapo hapo. Aliichukua ile picha, akaniambia alijua tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili. "Nilihesabu viatu, baba," akasema. "Jozi kumi na moja, na wewe umesimama katikati yake." Akaosha vikombe. Halafu akasema makubaliano ni hadi tarehe 31 Agosti, na hayakusema hadi tarehe 31 Agosti isipokuwa mtu akiwa na huzuni.

Kwa hiyo siwezi kukuandikia ile "sawa" uliyoiomba.

Nana yako, mtu wa kumi na mbili,
Roshanali


Florida
21 Agosti 2024

Nana, Ya Ali Madad.

Barua yako niliisoma nimekaa juu ya ndoo ya mipira. Nilicheka, halafu nikalia, halafu mwenzangu wa Venezuela akaniletea maji akidhani jua limenipiga. Sikukasirika. Ile barua yangu ya mwezi wa saba ilikuwa na maneno ambayo nisingekwambia usoni, na ninayafuta.

Siku hiyo hiyo nilimfuata Errol. Nilimwomba radhi kwa kumwitikia huku nikifanya yangu, nikamweleza habari za mtu wa kumi na mbili tangu mwanzo hadi mwisho. Nana, alivua kofia. Akasema mimi ndiye mchezaji wa kwanza mwaka huu kumuuliza kitu. Akanipiga video, tukaitazama pamoja. Hatua ya nne ndiyo mbaya, na ya tatu pia. Mpira unapopigwa, mguu mmoja bado uko hewani. Lakini hatua mbili ndogo, halafu miguu yote miwili chini mpira ukifika kwa mpigaji, hizo amesema ni zangu, nizitunze.

Kila mchezo nikawa natoka benchi nakwenda kusimama nje ya mstari, karibu na wanapopasha misuli warushaji. Kila mpira, hatua mbili. Watu walicheka, kama Tabora. Errol alinitazama siku tisa. Siku ya kumi akasema, "Kesho unaanza." Tangu hapo sijatoka. Mipira ya juu ya kichwa nafika, na ya mbele nafika. Sijapiga hata mmoja kuvuka uzio, lakini naendelea kufika kwenye besi.

Sasa kaa chini. Jana meneja aliniita ofisini. Nilidhani ananiachisha. Kule Michigan, kwenye timu ya daraja lililo juu yetu, mdakaji mmoja amevunjika kidole. Ndege yangu ni kesho asubuhi. Mji unaitwa Alder Falls, mwendo wa saa tano kwa gari kutoka kwenu.

Tarehe 31 Agosti ni Jumamosi na tunacheza nyumbani. Usimwambie Mama, mlete. Nyuma ya uzio wa upande wa kulia kuna kilima cha majani, watu hukaa juu ya mablanketi. Msikae kwenye viti. Nataka mkae nyuma yangu.

Zameer


Crescent Town
2 Septemba 2024

Zameer, Ya Ali Madad.

Baada ya mchezo tulikukumbatia dakika kumi tu kabla basi lenu la safari ya ugenini halijaondoka, na katika dakika hizo mama yako ndiye aliyesema yote. Kwa hiyo nakuandikia yale ambayo hukuyaona, maana ulikuwa umetupa mgongo, kama inavyotakiwa.

Siri nilishindwa kuitunza. Nilimwambia Nilofar tulipokuwa bado kwenye lifti. Mpakani afisa alimuuliza Alban anakwenda kufanya nini Marekani, Alban akajibu anakwenda kumtazama mjukuu wa rafiki yake akisimama. Tukacheleweshwa nusu saa, na sambusa zikachunguzwa.

Kilima kile kina majani mazuri. Tulitandika blanketi, Alban akalala. Wewe ukaja ukasimama pale chini, namba 12 mgongoni. Hukuniambia kuhusu namba. Mama yako akanipa kitambaa bila kunitazama.

Mrushaji alipojiandaa, nikasimama. Uliingia hatua mbili, mimi nikaingia nne, kwa mazoea. Kijana mmoja mwenye bisi akasogeza miguu yake kunipisha. Nikarudi nyuma, nikaingia tena. Zamu nzima ya kwanza nilikuwa peke yangu. Katika zamu ya pili mama yako akavua viatu, vile vyeusi anavyovaa kazini kwake duka la dawa, akanikabidhi. "Nishikie, baba," akasema. Akasimama kando yangu, miguu mitupu kwenye majani, na mrushaji alipoinua mkono akaingia hatua mbili. Alizihesabu kwa mdomo, nilimwona. Hakukosa mpira hata mmoja hadi mwisho. Watu waliokaa karibu nasi walidhani ni ibada.

Sasa ule mpira wa zamu ya tisa. Kwako wewe ulikuwa mpira. Kwetu ulikuwa unakuja usoni. Nilikuona umeweka miguu chini, umegeuka, umekimbia ukija kwetu, na uso wako niliuona wazi kwa mara ya kwanza siku ile. Nilinyoosha mikono yote miwili. Sikujua kama nimenyoosha. Viatu vya mama yako vikaanguka, kimoja kikabingirika hadi kwenye uzio.

Miaka thelathini jamatkhana, na minne Tabora kabla ya hapo, sijawahi kuangusha kiatu cha mtu. Nilipotazama chini ulipokuwa, umeinua glavu juu na mpira umo ndani.

Alban aliamka kwa kelele, akauliza nani amedaka. Nikamwambia ni sisi, na safari hii hakutazama pembeni.

Mama yako alishuka mwenyewe hadi uzioni kuchukua kiatu, akakaa pale pale akakivaa. Aliporudi alikuwa na simu mkononi, anaandikia chuo kuomba wakuwekee nafasi mwaka mmoja zaidi. Aliniuliza neno la Kiingereza la kumalizia barua ya adabu. Nikamwambia barua za Kiingereza mimi si mtaalamu.

Andika mara ufikapo. Usinifiche kitu.

Nana yako,
Roshanali